Gemu za zamani za PC kwa mashine dhaifu: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Haya majibu ni ya wasee wenye laptopu za ex-UK, vile vilaptopu vidogo vya prosesa ya Atom, deskitopu za Core 2 Duo zilizofagiwa maofisini zikaishia maduka ya Luthuli Avenue, Nairobi, na hata wa simu tu, ambao wanataka kucheza Doom, Prince of Persia, Duke Nukem, Red Alert na wenzao bila picha kukwamakwama. Mengi yanahusu DOSBox, ile programu ya kufungua gemu za zamani za DOS kwa kompyuta za sasa, kwa sababu ndiyo watu wengi wako nayo, lakini kuna mahali nitakuambia uachane nayo kabisa.

Mashine yangu ni GHz 1.6, gemu ni ya 1993 na kompyuta za wakati huo zilikuwa MHz 33. Mbona inakwama?

Uko na haki ya kushangaa. Shida ni kwamba DOSBox haifungui gemu tu, inaigiza kompyuta nzima kwa programu tupu, yaani prosesa, kadi ya picha, kadi ya sauti ya Sound Blaster, saa ya ndani, kibodi, vyote. Kila amri ambayo gemu inaipa ile prosesa ya zamani ya 486 ya kuigiza lazima isomwe, ieleweke, igeuzwe kuwa amri kadhaa za prosesa yako, na wakati huohuo chip ya sauti nayo inahesabiwa mawimbi yake maelfu ya mara kila sekunde. Kwa hivyo kulinganisha MHz na MHz hakukusaidii. Atom N270, ile iko kwa Acer Aspire One nyingi za 2008 na 2009, ukiipanga vizuri inakaribia 486 ya kasi, na hiyo inatosha Doom. Ukiipanga vibaya hata Prince of Persia itakutoa jasho.

Kuna kitu nitakirudia mpaka uchoke, nacho ni kwamba mashine dhaifu inapona kwa kupunguziwa kazi. Watu wengi wakiona gemu inakwama wanaongeza cycles (setingi ya spidi, naieleza hapa chini), alafu inakwama zaidi, alafu wanaongeza tena.

Cycles ni nini basi, na niweke ngapi?

Ni idadi ya amri ambazo DOSBox inajaribu kumaliza kila milisekunde. Ukiwacha setingi ya kawaida, ile ya auto, DOSBox inapea gemu za mwanzomwanzo cycles 3000, na zile kubwa za baadaye, zile ukizianzisha unaona maandishi ya DOS/4GW yakipita, inaziwekea max, yaani chukua kila kitu prosesa iko nacho. Kwa makadirio, 386 ya MHz 33 ni kama 6000, 486 ya MHz 33 ni kama 12000, 486DX2 ya MHz 66 inakaribia 24000, na Pentium ya MHz 100 inapita 60000. Si hesabu ya duka la dawa, gemu moja na nyingine zinatofautiana, lakini inakupa pa kuanzia.

Sasa hiyo max ndiyo inaua mashine dhaifu. Prosesa ikikabwa yote na amri za gemu, sauti na picha zinakosa nafasi ya kupumua. Na ukiweka 30000 kwa mashine ya kubeba 18000, DOSBox haiwezi kumaliza kazi ya milisekunde moja ndani ya hiyo milisekunde, kwa hivyo saa ya ndani ya gemu inachelewa na kila kitu kinakuwa polepole kuliko pale ulikuwa umeweka 15000. Ndio maana mtu anakuapia ameongeza spidi na gemu imekuwa nzito, na hadanganyi.

Njia ninayoamini ni hii. Fungua faili ya setingi, kwa Windows iko kwa menyu ya Start imeandikwa DOSBox 0.74-3 Options, kwa Linux iko kwa folda iliyojificha inaitwa .dosbox. Tafuta sehemu ya [cpu], andika cycles=fixed 6000, sevu, anzisha gemu. Usipime kwa menyu, menyu ni nyepesi kila mahali. Kwa Doom nenda mpaka pahali pana uwanja mkubwa na mashetani wengi, anza kupiga risasi, alafu ukiwa hapo bonyeza Ctrl na F12, kila ukibonyeza inapanda asilimia 10. Angalia juu kwa dirisha, ile namba ya cycles inabadilika. Picha itazidi kulainika, italainika, alafu kuna mahali sauti ya bunduki itaanza kukwaruza kama redio imetoka kwa stesheni. Hapo umepita. Bonyeza Ctrl na F11 mara moja, hiyo inashusha asilimia 20, sikiliza kama imetulia, na hiyo namba ndiyo yako. Iandike kwa faili. Sikio linajua kabla ya jicho kwa hii mambo, kwa hivyo usipime na sauti ukiwa umezima.

Kama hutaki fixed kuna njia ya katikati, cycles=max 80% limit 20000, hapo unaiambia ichukue asilimia 80 ya prosesa lakini isipite 20000. Inafaa mtu anayefungua vitu vingine huko nyuma, lakini kwa Atom mimi bado ningeweka fixed.

Lazima kila gemu iwe na namba yake?

Ndio, na si kazi kubwa. Nakili faili ya setingi, iite doom.conf, nyingine prince.conf, alafu unaanzisha kwa dosbox -conf doom.conf. Mwisho wa hiyo faili kuna sehemu ya [autoexec], hapo unaandika mount c C:\gemu, mstari unaofuata c:, unaofuata cd doom, unaofuata doom. Tengeneza njia ya mkato kwa deskitopu na hutawahi tena kuandika amri kwa mkono. Kama ndugu yako mdogo ndiye anacheza hii ni lazima, la sivyo utaitwa kila dakika tano.

Nikiongeza RAM itasaidia?

Hapana. DOSBox inapea gemu MB 16 na karibu gemu zote za DOS zinatosheka na hizo. RAM inasaidia Windows yako isisote, na hilo ni jambo lingine, nitalifikia. Prosesa ya kori nne pia haikuongezei kitu cha maana, kazi kubwa ya DOSBox inafanyika kwa kori moja tu, kwa hivyo laptopu ya zamani ya kori mbili zenye kasi inaweza kushinda mpya ya kori nne za pole. Ukienda kununua, usibabaishwe na hesabu ya kori.

Hiyo core=dynamic watu wanasema ni uchawi, ni kweli?

Kwa gemu nzito karibu ni uchawi. Ukiwa na core=normal, DOSBox inasoma amri moja, inatekeleza, inasoma nyingine, hata kama ni zilezile zimerudiwa mara milioni. Ukiweka dynamic inachukua kipande kizima cha gemu, inakitafsiri mara moja kuwa lugha ya prosesa yako, inaweka, na kikirudi inatumia ile iliyotafsiriwa. Kwa Duke Nukem 3D, Quake na aina hiyo tofauti unaiona bila kupima. Setingi ya auto inawasha dynamic yenyewe kwa zile gemu za DOS/4GW, lakini kuna zingine inaziacha, kwa hivyo jaribu kuiandika mwenyewe. Kasoro yake ni kwamba gemu chache zinaanguka ama zinafanya vituko, na hizo unazirudisha normal. Kwa gemu za kitambo kabisa usijisumbue, normal inazitosha.

Picha ndiyo nzito. Nibadilishe nini?

Anza na scaler. DOSBox inakuja na scaler=normal2x, yaani inachukua picha ya gemu na kuikuza mara mbili kabla ya kuionyesha. Weka scaler=none. Zile zingine za kulainisha kingo, hq2x, 2xsai na wenzake, kwa mashine dhaifu usiziguse kabisa, zinakula prosesa kuliko gemu yenyewe. Alafu hakikisha aspect=false, kwa sababu ukiwa unatumia output=surface, ile kazi ya kunyoosha picha iwe na umbo sahihi inafanywa na prosesa. Ndio, watu watakuwa wafupi kidogo. Utazoea.

Ukiweka scaler=none dirisha linakuwa dogo kama stempu. Hapo sasa inategemea kadi yako ya picha. Jaribu output=ddraw ama output=opengl, na fullresolution uandike ukubwa wa skrini yako, tuseme 1024x600, alafu Alt na Enter. Ile kazi ya kukuza inahamia kwa chip ya picha na prosesa inabaki na gemu. Kwa GMA 950, ile chip ya picha ya Intel ya laptopu za Atom, matokeo yanategemea draiva uliyo nayo, zingine ddraw inateleza, zingine opengl ndiyo inakwama, kwa hivyo zijaribu zote pamoja na overlay na surface, dakika kumi zinatosha.

Frameskip ndiyo ya mwisho. Ukiweka frameskip=1 DOSBox inachora fremu moja na kuruka moja, na unaweza kuijaribu gemu ikiendelea kwa Ctrl na F8, Ctrl na F7 inarudisha. Moja haionekani sana. Mbili unaanza kuiona. Ukifika tatu ujue shida iko kwingine.

Sauti inakwaruza hata cycles zikiwa chini.

Kwa sehemu ya [mixer] shusha rate kutoka 44100 hadi 22050, na kwa [sblaster] shusha oplrate iwe hivyo hivyo. Gemu nyingi za wakati huo sauti zao zilirekodiwa kwa kiwango cha chini hata kuliko hiyo, hutasikia tofauti kwa spika za laptopu. Alafu pandisha blocksize kutoka 1024 hadi 2048, na prebuffer weka kama 40 au zaidi. Hiyo inapea sauti akiba kidogo kabla ya kuchezwa, na gharama yake ni bunduki kusikika nukta ndogo baada ya kubonyeza. Kama hutumii Gravis UltraSound, kadi nyingine ya sauti ya zamani, na hakuna mtu anaitumia, hakikisha gus=false.

Kwa SETUP, ile programu ndogo ya mipangilio inayokuja na gemu, chagua Sound Blaster, adresi 220, IRQ 7, DMA 1, hivyo ndivyo DOSBox imewekwa. Kwa Doom hiyo SETUP pia inakuuliza unataka sauti ngapi zilie kwa wakati mmoja. Watu wanaweka 8 kwa sababu ni nyingi. Weka 3.

Kuna kitu ndani ya gemu yenyewe naweza kupunguza?

Kiko, na ndicho watu wanasahau kabisa, wanapigana na DOSBox siku nzima na gemu ilitengenezwa na watu waliojua kabisa kwamba wateja wao wako na mashine mbovu! Doom ukibonyeza F5 inapunguza ubora wa picha, pikseli zinakuwa pana mara mbili, na kwa skrini ndogo unazoea haraka sana. Ukibonyeza alama ya kutoa, uwanja wa kuonea unapungua na kubaki fremu pembeni, hatua moja au mbili zinapunguzia mashine mzigo wa kweli. Duke Nukem 3D ya 1996 kwa setup yake inakupa 320x200 au 640x480 na kuendelea, na kila mtu anakimbilia ile kubwa. Fanya hesabu: 320 mara 200 ni pikseli 64000, 640 mara 480 ni 307200, karibu mara tano, na zote zinachorwa na ile prosesa moja ya kuigiza. Baki 320x200.

Ukitaka kupima badala ya kubahatisha, Doom inakuja na kipimo chake. Andika doom -timedemo demo3, itacheza yenyewe mbiombio mpaka mwisho alafu ianguke na namba mbili, gametics na realtics. Gawanya ya kwanza kwa ya pili, zidisha na 35, hizo ndizo fremu kwa sekunde. Kwa nini 35, kwa sababu saa ya Doom inahesabu 35 kwa sekunde, na ukiicheza kawaida haipiti fremu 35 hata uiweke kwa mashine gani, ni kwa hiki kipimo tu inapita. Kwa hivyo ukipata 35 na zaidi umemaliza, nenda ucheze, wacha kufukuza namba.

Yangu ina shida kinyume, gemu inaenda mbio mpaka haichezeki.

Hiyo ni gemu ya zamani zaidi. Kuna gemu za miaka ya 80 na mwanzo wa 90 zilitegemea spidi ya prosesa kama saa yao, Wing Commander ya 1990 ni mfano unaojulikana, ukiipa kompyuta ya kasi adui wanakupita kama nzi. Ndiyo sababu kompyuta za wakati ule zilikuwa na kitufe cha Turbo, cha kupunguzia spidi. Shusha cycles kwa Ctrl na F11 mpaka itulie. Kwa hizi gemu mashine yako dhaifu ni sawa na mashine ya milioni, hakuna tofauti.

Imeniandikia Runtime error 200 ikafunga.

Gemu ilitengenezwa kwa Turbo Pascal, programu ya zamani ya kuandikia kodi. Ikianza inapima spidi ya prosesa, spidi ikizidi hesabu inavunjika kwa kugawanya. Shusha cycles kabla ya kuianzisha, ikishaingia unaweza kupandisha.

Dakika kumi za kwanza iko fiti, alafu inaanza kukwama. Ni virusi?

Ni joto, karibu kila mara. Prosesa ikichemka inajishusha spidi ili isiungue, na DOSBox ikiwa imeshikilia kori moja asilimia mia, joto linapanda tu. Hizi laptopu za ex-UK zimefanya kazi miaka kibao kabla zifike hapa, alafu zikakaa kwa duka pembeni ya barabara na vumbi la Nairobi mnalijua. Ukifungua utakuta kati ya feni na zile mbavu za shaba kumeziba na kitu kama kitambaa cha kijivu, kimekandamana mpaka unakibandua kwa kidole kikiwa kizima. Feni inazunguka, inapiga kelele, hewa haipiti. Ukipuliza kwa nje unakisukuma ndani zaidi, inatakiwa kufunguliwa. Fundi yeyote wa maana anaifungua, anasafisha na kuweka pesti mpya juu ya prosesa, lakini kaa hapo uone akiipaka, kuna wengine wanafuta vumbi tu na kukulipisha yote. Na vile vilaptopu visivyo na feni kabisa, kama HP Stream 11, usicheze ukiwa umeviweka juu ya blanketi.

Ukitaka uhakika kwa Windows 10, fungua Task Manager, kwa Performance kuna mahali pameandikwa Speed. Ile namba ikianza 2.2 na baada ya muda ukute 0.9, jibu umepata.

Feni ni safi na bado spidi iko chini tangu mwanzo.

Angalia chaja! Hii hapa kwetu ni kubwa kuliko watu wanavyodhani. Kuna laptopu, za Dell hasa, ambazo zinaongea na chaja yake, zisipoitambua zinapunguza spidi ya prosesa na kukataa kuchaji betri, na zikiwaka zinakuandikia onyo ambalo kila mtu analipita kwa Enter. Chaja za kopi ziko kila kona ya mjini na nyingi hazitambuliwi. Pia kama betri ilishakufa na unatumia stima moja kwa moja, mashine zingine zinajibana. Ikiwa unatumia betri, kumbuka Windows inapunguza spidi kuokoa moto, weka kwa High performance. Ikiwa stima imepotea na betri imebaki nusu, cheza gemu ya cycles 3000 na uwache Quake.

Nitumie Windows gani?

Kama mashine iko na RAM ya GB 2 na Windows 10, nusu ya shida zako ni Windows. Apdeti zinashuka huko nyuma, antivairasi inapekua kila faili, diski inawaka taa bila kuzima, na hapo hujafungua gemu. Zima intaneti unapocheza, hiyo peke yake inasaidia na bando lako linapona. Weka folda ya gemu kwa orodha ya vitu ambavyo Defender, antivairasi ya Windows yenyewe, haigusi. Isitoshe Microsoft waliacha kuipa Windows 10 ulinzi wa kawaida tarehe 14 Oktoba 2025, kwa hivyo kama mashine ni ya gemu tu, weka Linux nyepesi, antiX ama Lubuntu. Kumbuka N270 ni ya biti 32, Lubuntu za siku hizi hazitaingia, chukua antiX ya biti 32.

Na kama unashangaa kwa nini gemu za DOS hazifunguki moja kwa moja kwa Windows mpya, Windows ya biti 64 iliondolewa kabisa ile sehemu ya kuendesha programu za biti 16.

Kuna njia ya kucheza bila emuleta, yaani bila programu ya kuigiza kompyuta kama DOSBox?

Hili ndilo swali zuri kuliko yote, na ningependa liwe la kwanza watu kuuliza. Gemu kadhaa kubwa kodi zake zilitolewa kwa umma, watu wakaziandika upya zifunguke moja kwa moja kwa kompyuta za leo, na hapo ule mzigo wote wa kuigiza unaisha. Doom kodi yake ilitoka 1997, kwa hivyo kuna Chocolate Doom ambayo inafanana na ya zamani mpaka kasoro zake, na Crispy Doom ambayo ni hiyohiyo yenye picha kali kidogo. Kwa Atom ileile iliyokuwa inahangaika kwa DOSBox, Chocolate Doom inateleza. Kodi ya Quake ilitoka 1999. Ya Duke Nukem 3D ilitoka 2003 na ikaja EDuke32. Prince of Persia kuna SDLPoP. Zile gemu za kubonyeza na kuongea, za LucasArts na Sierra, zina ScummVM, ambayo ni nyepesi ajabu na iko mpaka kwa simu. Unahitaji faili za gemu yenyewe, hizi ni injini tu, unaziweka kwa folda moja na basi.

OpenRA ya kucheza Red Alert nayo ni nzuri lakini si nyepesi, imejengwa upya kabisa na inataka kadi ya picha ya kueleweka. Kwa GMA 950 usijaribu.

Njia nyingine ni kuweka DOS yenyewe kwa mashine. FreeDOS ni ya bure, vesheni 1.3 ilitoka 2022, unaiweka kwa flashi na kuwasha nayo. Hapo hata deskitopu mbovu kabisa inakimbia kama umeme kwa sababu hakuna kuigiza. Utakosa sauti, chip za sauti za leo hazijui Sound Blaster ni nini, ingawa kuna programu inaitwa SBEMU inayojaribu kuziba hilo pengo na kwa baadhi ya mashine inafaulu. Ni ya mtu anayependa kuchezea mashine zaidi ya gemu, na mashine iwe na BIOS ya zamani, ile programu ya ndani inayowasha kompyuta.

Na gemu za Windows 95 na 98? Na San Andreas?

San Andreas haitaki emuleta, manze. Ni gemu ya Windows, ilihitaji Pentium III ya GHz 1 na RAM ya MB 256, Core 2 Duo yoyote inaibeba. Ikikwama punguza umbali wa kuona na ubora wa picha, na uwache Frame Limiter ikiwa imewashwa, ukiizima gari na kuogelea vinaanza vituko.

Za 1996 mpaka 2000 ndizo ngumu. Usiende kwa PCem wala 86Box kwa mashine dhaifu, hizo zinaigiza kila chip kwa uaminifu na zinataka prosesa ya kisasa yenye nguvu hata kuiga Pentium ya kawaida. DOSBox-X inaweza kubeba Windows 98 lakini ni mzigo uleule. Jaribu kwanza gemu moja kwa moja kwa Windows yako, ukipata rangi zimeharibika ama picha inasota kwa gemu za Command & Conquer weka cnc-ddraw kwa folda ya gemu, ni faili ndogo inayobadilisha jinsi picha inavyochorwa. Gemu zilizotaka zile kadi za picha za zamani za 3dfx zina dgVoodoo 2, lakini nayo inataka kadi ya picha yenye uwezo wa DirectX 11 kufanya vizuri. Kama una CD halisi na inakataa kutambuliwa, ujue Windows 10 iliondoa draiva ya SafeDisc, ule ulinzi wa CD dhidi ya kunakiliwa, hiyo si mashine yako.

DOSBox ziko nyingi. Ya kawaida, Staging, X, Pure, gani?

Mashine ya Atom ama Core 2 Duo, chukua ya kawaida, 0.74-3, ni ndogo na hailalamiki. Staging ndiyo ningechagua kwa mashine ya miaka ya karibuni, imetunzwa vizuri na sauti yake ni safi, ila inategemea kadi ya picha zaidi na ukipata picha nzito zima zile shader zinazoiga TV za zamani. X ni ya wanaotaka Windows 98 na vitu vya ajabu. Pure inakaa ndani ya RetroArch, programu inayobeba emuleta nyingi pamoja, na inafungua gemu ikiwa bado kwa ZIP, hiyo ni tamu kwa simu.

Simu yangu ya Tecno inaweza?

Inaweza, na mara nyingi inashinda laptopu ya Atom. Tumia RetroArch na DOSBox Pure, ama Magic Dosbox. Kinachosumbua ni vidole, Doom kwa kioo ni mateso, kwa hivyo tafuta waya wa OTG na kibodi ya USB ama padi ya gemu ya bei nafuu. Gemu za mausi kama zile za ScummVM zinafaa kidole vizuri kabisa.

Nitatoa wapi gemu bila kuiba?

Sehemu ya kwanza ya Doom ilitolewa kama shareware na ni ya bure mpaka leo, ilikuwa inaingia kwa diski mbili za floppy, kwa hivyo bando halitalia. Freedoom ni faili za bure kabisa za kutumia na zile injini. EA walitoa Command & Conquer ya kwanza bure 2007 na Red Alert 2008. Bethesda walitoa Arena 2004 na Daggerfall 2009. Beneath a Steel Sky ni ya bure tangu 2003 na iko kwa tovuti ya ScummVM yenyewe. Zingine ziko GOG, duka la gemu la mtandaoni, ngoja siku za ofa. Zile flashi za gemu 500 zinazouzwa mtaani, achana nazo, ukiziweka kwa mashine utaanza kuuliza maswali ya virusi na hayo siko hapa kuyajibu.

Nimefanya yote na bado inakwama. Nikiuliza watu niwaambie nini?

Usiandike "inalag nisaidieni". Andika prosesa ni gani hasa, si "Intel" tu, RAM ngapi, Windows ama Linux gani, gemu gani na vesheni gani ya DOSBox. Andika cycles ngapi sauti inaanza kukwaruza, na kama ni tangu mwanzo ama baada ya dakika kadhaa, kwa sababu hapo ndipo tunajua kama ni setingi ama ni feni. Alafu bandika faili yako ya setingi yote, si picha ya skrini uliyopiga na simu ikiwa na mwanga wa balbu katikati.